Zabuni za Serikali kwa Mfanyabiashara wa Kigoma: Kuanzia Kujisajili NeST Hadi Kulipwa

Karibu kila wiki mtu huingia dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, husubiri wateja wapungue, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hizi tenda za halmashauri zinapatikanaje? Lazima uwe na mtu ndani?" Kuna maseremala wa Kasulu, kuna mama lishe wanaotaka kupikia semina, kuna vijana waliomaliza chuo juzi wakasajili jina la biashara na sasa hawajui waende wapi. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Nimeomba zabuni kwa miaka kadhaa sasa. Nimeshinda chache, nimekosa nyingi. Zile nilizokosa mwanzoni, karibu zote ziliondolewa kabla mtu hajafika kwenye ukurasa wangu wa bei: karatasi moja haikuwepo, fomu moja haikusainiwa, leseni ilikuwa imeisha wiki iliyotangulia. Naomba ulishike hilo tangu sasa. Anayeanza huumiza kichwa kwa bei na kwa kumtafuta mtu wa ndani, wakati kinachomtoa kwenye mbio kiko kwenye faili lake mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa anayeuza vifaa na huduma: madawati, shajala (karatasi, kalamu na vifaa vingine vya ofisi), vyakula vya shule za bweni, usafi, chakula cha semina, matengenezo madogo. Ujenzi nitaugusa kidogo tu. Dawa na vifaa tiba siviandikii hapa, maana vituo vya afya huanzia MSD, yaani Bohari ya Dawa, na kinachokosekana huko hupitia kwa mshitiri, muuzaji aliyeteuliwa kujazia pengo hilo. Hiyo ni biashara yenye taratibu zake.

Kwa ufupi kabla ya kuanza

Ununuzi wa umma unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na Kanuni zake za mwaka 2024. Msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Zabuni hutangazwa, huombwa na hutolewa ndani ya mfumo mmoja wa mtandaoni unaoitwa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Enzi za kununua kabrasha, yaani nyaraka za zabuni, masijala na kutumbukiza bahasha kwenye sanduku zimepita. Mtu akikuuzia "fomu ya tenda" mkononi, au akikupigia simu utume hela ya "kufungua faili", huyo ni kishoka. Malipo halali yoyote hutoka na kontroo namba.

Jambo la pili ni kwamba sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi kwa makundi maalum: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nitalirudia huko mbele, kwa sababu kwa watu wengi wa huku ndio mlango wa kwanza.

Andaa hivi kwanza

Usifungue NeST kabla hivi havijakamilika:

- Namba ya NIDA ya mmiliki au ya mkurugenzi. Kadi si lazima, namba inatosha.
- TIN ya biashara. Hutolewa na TRA bure, usimlipe mtu.
- Cheti cha jina la biashara au cha kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara.
- Leseni ya biashara iliyo hai, inayolingana na kitu unachotaka kuuza. Leseni za halmashauri sasa huombwa kupitia mfumo wa TAUSI.
- Hati ya TRA ya kutodaiwa kodi.
- Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za TRA, kama mauzo yako yanakulazimu kuwa nayo. Taasisi nyingi hazitakulipa bila risiti yake.
- Akaunti ya benki yenye jina lile lile la biashara.
- Barua pepe na laini ya simu ambazo ni zako na hutaziacha.
- Kwa mkandarasi, usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa makandarasi wa majengo madaraja ni saba na la saba ndilo la chini.
- Mtaji wa kukuwezesha kupeleka mzigo na kukaa miezi mitatu bila kulipwa.

Hicho cha mwisho hakimo kwenye orodha ya ofisi yoyote, lakini kimewaangusha wengi kuliko vyote hapo juu. Serikali hulipa baada ya kupokea. Kama hela yako yote ni ile ya kununulia mzigo wa wiki hii, anza na zabuni ndogo kabisa.

Hatua kwa hatua

1. Linganisha majina yako kila mahali. Chukua karatasi, andika jina lako kama linavyosomeka NIDA, TRA, BRELA, kwenye leseni na benki. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Hamisi NIDA, Hamis TRA na Khamis benki. NeST inavuta taarifa zako kutoka mifumo hiyo, na herufi moja inatosha kukukwamisha. Rekebisha kwanza kwenye ofisi husika, ndipo uendelee. Kurekebisha baada ya kujisajili ni kazi ya kuchosha zaidi.

2. Jisajili NeST kwa mkono wako. Ingia nest.go.tz, chagua kujisajili kama mzabuni, weka TIN na namba ya NIDA, fuata maelekezo. Kama huna kompyuta, nenda kwenye stesheni yoyote ya mjini, yaani duka la shajala na huduma za kompyuta, ukakodi ya kwao, lakini barua pepe, namba ya simu na nywila viwe vyako. Mimi nilimwachia kijana wa stesheni anisajilie, akatumia barua pepe yake. Baada ya miezi minne akahama mji na simu akabadilisha. Zabuni mbili zilipita nikizitazama tu, sina njia ya kuingia. Akaunti ya NeST ni kama muhuri wako, mtu mwingine hapaswi kukaa nao. Utatengeneza pia neno la siri la saini ya kielektroniki, ambalo ni tofauti na nywila ya kuingilia. Liandike kwenye daftari, lifungie kabatini.

3. Chagua aina za biashara unazofanya kweli. Mfumo utakuuliza kama unatoa bidhaa, kazi za ujenzi, huduma za ushauri au huduma zisizo za ushauri, kisha ndani yake uchague aina ya biashara. Usipochagua samani, zabuni ya madawati hutaweza kuiomba hata ukiiona. Ukichagua kila kitu, utadaiwa vibali usivyonavyo. Chagua zile ambazo leseni yako inazibeba. Mfumo ukikutolea kontroo namba, lipa na utunze risiti.

4. Kama uko kwenye kundi maalum, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Hapa watu hupotea. Kuwa mwanamke au kijana peke yake hakukuingizi kwenye ile asilimia 30. Ni lazima mtambuliwe na kuingizwa NeST kama kundi maalum, na anayewashika mkono kwenye halmashauri ni ofisi ya maendeleo ya jamii. Muulize afisa wa kata yako kwanza, atakuambia katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na nyaraka za benki ziwe namna gani. Faida yake ni kubwa: mnashindana na wenzenu wa kundi maalum tu, si na kampuni kubwa ya Mwanza au Dar es Salaam. Onyo moja kutoka moyoni: atakuja mfanyabiashara mwenye mtaji aombe kutumia jina la kikundi chenu, awape kitu kidogo. Kataeni. Mzigo ukiharibika, au nyaraka zikigundulika ni za uongo, wanaofungiwa ni ninyi mlioandikwa. Yeye atatafuta kikundi kingine.

Usichanganye pia asilimia 30 ya zabuni na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake hupata 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ile ni hela ya mkopo, hii ni kazi. Mnaweza kuomba vyote viwili, na kikundi chenye akili huutumia mkopo kama mtaji wa zabuni.

5. Tafuta zabuni kabla hazijatangazwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kila taasisi huandaa mpango wa ununuzi wa mwaka na kuuweka NeST. Usome. Ukiona Halmashauri ya Buhigwe imepanga viti na meza robo ya pili, una miezi ya kumtafuta fundi, kupata bei ya mbao na kujua gari la kukodi. Anayesubiri tangazo hubaki na siku chache tu.

Usiishie manispaa ya Kigoma Ujiji. Mkoa una halmashauri nane: Kigoma Ujiji, Kigoma, Uvinza, Buhigwe, Kasulu Mji, Kasulu, Kibondo na Kakonko. Juu ya hizo kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, TARURA, TANROADS, RUWASA, mamlaka ya maji, bandari, reli, magereza, VETA na vyuo. Shule za msingi na zahanati nazo hununua, na huko ndiko kwenye zabuni ndogo za kujifunzia.

Na usiwasahau GPSA, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini. Vitu vinavyotumika kila siku kama shajala, vyakula, usafi na matengenezo ya magari huwekewa mikataba ya muda, na taasisi zinapohitaji huita bei kutoka kwa walio kwenye orodha hiyo. Wapo watu wanaokaa mwaka mzima wakilalamika kuwa hawaoni zabuni za shajala, kumbe mlango ulifunguliwa GPSA ilipotangaza, wakaupita. Kuwemo kwenye orodha hakukupi mauzo ya uhakika. Kunakupa haki ya kuitwa.

6. Soma kabrasha lote, ukiwa na kalamu. Nasema lote. Tangazo la mstari mmoja lisikudanganye. Ndani utakuta sehemu ya vigezo, sehemu ya viwango vya bidhaa, jedwali la bei, masharti ya mkataba na fomu. Mimi huchora jedwali dogo kwenye daftari: upande wa kushoto kila kitu wanachotaka, upande wa kulia nimekipata au bado. Likibaki pengo moja kwenye vigezo vya lazima, siombi. Ni afadhali kuacha kuliko kujaribu bahati, maana tathmini ya awali ni ya ndiyo au hapana.

Vitu vya kuwinda ndani ya kabrasha:

Mahali pa kupeleka mzigo. "Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma" inaweza kumaanisha stoo ya makao makuu au Shule ya Kagunga, na Kagunga unafika kwa boti. Uvinza nayo ina vijiji vya mwambao wa kusini, kama Kalya, ambavyo gharama ya kuvifikia inaweza kumeza faida yote.

Viwango vya bidhaa. Wakiandika karatasi za A4 gramu 80, gramu 70 hazipokelewi hata zikiwa nyeupe kama maziwa. Niliwahi kurudishiwa katoni kwa kosa hilo, na kosa lilikuwa langu.

Dhamana ya zabuni. Wakati mwingine wanataka dhamana ya benki, wakati mwingine tamko la kusaini tu. Tamko halina hela ya kulipa leo, lakini lina meno: ukishinda halafu ukakimbia, unaweza kufungiwa.

Uzoefu. Wakitaka mikataba miwili iliyopita na wewe huna hata mmoja, hiyo si zabuni yako kwa sasa.

Kama kuna sentensi huielewi, uliza ufafanuzi kupitia NeST kabla muda wa maswali haujaisha. Usimpigie afisa ununuzi simu ya pembeni. Jibu la kwenye mfumo linamfunga kila mtu, la simu halimfungi yeyote.

7. Piga bei kuanzia gari, si kuanzia dukani. Hapa ndipo Kigoma inatofautiana na kwingine, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bei zifuatazo ni za mfano tu wa kukokotoa.

Tuseme zabuni ni madawati 100 ya Kagunga. Seremala wa Kasulu anakutengenezea kwa 70,000 moja, jumla 7,000,000. Lori mpaka mjini 500,000. Makuli wa Kibirizi, mahali boti zinapopakilia, kushusha na kupakia botini, 100,000. Boti 600,000. Vijana wa kupandisha mzigo kutoka ufukweni hadi shuleni 80,000. Nyaraka, simu na nauli yako 50,000. Gharama yako halisi ni 8,330,000.

Mgeni wa kazi hii huchukua bei ya seremala, anaongeza lori, anaona 7,500,000, anaandika 80,000 kwa dawati na kufurahi. Ameshinda hasara ya 330,000 kabla hajakatwa chochote.

Ukiandika 100,000 kwa dawati, mkataba ni 10,000,000. Serikali itakata asilimia 2 ya kodi ya zuio kwa bidhaa, yaani 200,000, na mkononi utapokea 9,800,000. Kwa huduma zuio ni asilimia 5. Hela hiyo haijapotea. Dai cheti cha zuio, maana hupunguza kodi yako ya mapato ya mwaka, lakini kwa sasa haipo mfukoni. Ukitoa gharama inabaki 1,470,000. Je, ulikopa zile 7,000,000 za seremala kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi na malipo yakachukua miezi mitatu? Toa 630,000. Umebaki na 840,000, na bado hujahesabu dawati litakalovunjika njiani. Sasa ndio unajua kama kazi inakufaa.

Mambo mawili zaidi ya bei. Kama hujasajiliwa VAT, usiongeze ile asilimia 18, huna mamlaka ya kuitoza. Na usishushe bei chini kabisa ukidhani ndiyo njia ya kushinda, kwani bei iliyo chini isivyo kawaida huitiwa maelezo, na ukikosa maelezo unatolewa. Ziwa likichafuka, boti husubiri, kwa hiyo kwenye siku za kupeleka mzigo weka nafasi. Usiahidi siku saba kwa mzigo wa majini.

8. Jaza, saini, tuma mapema. Pakia nyaraka zinazosomeka. Picha ya simu iliyopigwa gizani ni sawa na kutoweka kitu. Hati ya uwakilishi, ile inayomruhusu mtu kusaini kwa niaba ya biashara, iwe na mhuri wa wakili na imtaje mtu yule yule anayesaini. Pitia jedwali la bei, kila mstari ujazwe.

Halafu saa. Tafadhali sana, angalia saa. Mfumo unaandika saa za Kizungu. 10:00 ni saa nne asubuhi, si saa kumi jioni. 14:00 ni saa nane mchana. Namfahamu fundi aliyekuja dukani kwangu saa tisa alasiri na flashi mkononi, ametulia kabisa, anasema bado ana saa nzima. Zabuni ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Mfumo hujifunga wenyewe, hakuna wa kumbembeleza. Mimi hutuma siku moja kabla, kwa sababu umeme ukikatika au mtandao ukizubaa nina usiku mzima wa kurudia. Baada ya kutuma, hakikisha hali inasomeka kuwa imewasilishwa. Kuhifadhi rasimu si kutuma.

9. Fuatilia baada ya kufunguliwa. Matokeo huja ndani ya NeST na kwa barua pepe. Kabla ya kumpa mshindi kazi, taasisi hutoa kusudio la kutoa tuzo kwa wote walioomba, likieleza nani amependekezwa na wewe umetolewa kwa nini. Una siku 5 za kazi za kupinga. Lisome hata kama umekosa, hasa kama umekosa. Faili langu la makusudio ndilo lililonifundisha kazi hii, kila moja lina sababu yake imeandikwa.

Ukiona umeonewa, anza kwa kuandika malalamiko kwa Ofisa Masuuli wa taasisi, ambaye kwa halmashauri ni Mkurugenzi. Usiporidhika, unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Malalamiko na rufaa nazo huwasilishwa kupitia NeST. Andika hoja, si hasira: kigezo kilisema hivi, mimi niliwasilisha hiki, ukurasa fulani.

10. Shinda, peleka, lipwa. Usinunue mzigo kwa neno la mdomo, hata likitoka kwa mtu mkubwa. Subiri mkataba au LPO, hati ya taasisi ya kuagiza mzigo. Mkataba ukidai dhamana ya utekelezaji, uitoe kwa wakati. Ukipeleka mzigo, kamati ya ukaguzi na mapokezi ndiyo inayoupokea, si mtunza stoo peke yake. Hakikisha wamehesabu mbele yako na kusaini hati ya makabidhiano, na nakala moja irudi nawe. Kisha peleka ankara pamoja na nakala ya LPO, hati ya makabidhiano, hati ya mapokezi na risiti ya EFD kama inakuhusu. Faili lisilo na pengo hulipwa mapema kuliko faili ambalo mhasibu analazimika kukupigia simu mara tatu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kughushi cheti cha uzoefu. Mtu ana kipaji, ana karakana nzuri, anaiharibu kwa karatasi moja ya uongo. Adhabu ni kufungiwa kushiriki zabuni zote nchini.

Ndugu wawili kuomba zabuni moja kwa majina mawili na bei walizopanga sebuleni. Huko ni kula njama, na nyaraka zinazofanana hujionyesha zenyewe.

Kutoa "asante" kabla au baada. Ukiombwa asilimia, namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Najua kuna wanaosema ukikataa hupati kazi. Nimekataa, na kuna kazi nimezikosa pengine kwa sababu hiyo. Lakini aliyelipa asilimia kumi hulazimika kuirudisha kwenye ubora wa dawati, na dawati hilo atalikalia mtoto wa Kagunga.

Na mafundi wenzangu: ujenzi wa madarasa na zahanati mara nyingi hufanywa kwa mafundi wa jamii, ule utaratibu mnaouita fosi akaunti. Huo haudai uwe mkandarasi wa bodi, lakini fundi naye anatakiwa awemo NeST. Msikae kwenye vijiwe mkisubiri kuitwa na mwenyekiti wa kijiji.

Ukikwama

*TIN yangu inakataliwa.* Mara nyingi taarifa za TRA ni za zamani au majina hayalingani na NIDA. Nenda ofisi ya TRA ukahuishe, subiri, jaribu tena.

*Naona zabuni lakini kitufe cha kuomba hakipo.* Angalia kama aina ya biashara yako imo, kama usajili haujaisha muda, na kama zabuni ni ya makundi maalum na wewe hujatambuliwa kuwa mmoja wao.

*Nimesahau neno la saini.* Shughulikia mapema kupitia akaunti yako, si dakika ya mwisho. Ikishindikana, nenda kitengo cha usimamizi wa ununuzi cha halmashauri yako ukiwa na kitambulisho. Wapo maafisa wanaosaidia vizuri sana, waulize bila aibu.

*Nimegundua kosa baada ya kutuma.* Kama muda haujaisha, unaweza kuiondoa zabuni yako, ukarekebisha na kuituma upya. Muda ukiisha, imekwisha.

*Mzigo umekataliwa.* Dai sababu kwa maandishi, linganisha na kabrasha. Kama kosa ni lako, badilisha haraka ndani ya muda wa mkataba. Kama mzigo unalingana na kabrasha neno kwa neno, simama hapo, andika kwa Ofisa Masuuli.

*Miezi inapita sijalipwa.* Kwanza hakikisha faili lako limefika uhasibuni na halina upungufu. Muulize mhasibu liko hatua gani, upate jina la hatua, si "njoo kesho". Kisha andika barua ya kukumbusha ukiambatisha nakala zote, ipigwe mhuri wa kupokelewa masijala. Mimi kuna taasisi ilinikalisha miezi saba. Kilichonitoa ni barua ya tatu yenye mihuri ya zile mbili za mwanzo. Wakati huo huo ongea na benki yako kuhusu mkopo wa LPO kabla hujakopa mtaani, na usichukue zabuni nyingine ya taasisi ile ile mpaka ya kwanza ilipwe.